Kazi Uliyofanya Hapa Ina Jina Lake

(Muziki wa kufungulia, sekunde 15, kisha ushuke chini ya sauti.)

Jambo kwako uliye Base Camp, jambo kwako wa Juru, na wewe wa Rubondo uliyetuma ujumbe juzi ukisema sauti yetu inafika ikikwaruza. Tumesikia, fundi amekwisha kuambiwa. Jambo pia kwa ndugu zetu wa Oruchinga. Hiki ni kipindi chetu cha kazi na maisha, nami mtangazaji wenu niko nanyi. Kama una kalamu na daftari, vilete karibu. Kama unamenya mihogo, endelea kumenya, masikio hayashiki kisu.

Leo nazungumza juu ya LinkedIn. Najua, kuna waliokwisha kucheka. Mtu mmoja aliniambia sokoni: "LinkedIn ni ya watu wa Kampala wanaovaa tai, sisi huku tunavaa vumbi." Haya. Lakini yeye mwenyewe ana akaunti, mimi nimeiona.

Kwa asiyejua: LinkedIn ni mtandao wa watu wa kazi. Ulifunguliwa mwaka 2003 huko Marekani, na tangu 2016 ni mali ya kampuni ya Microsoft. Watu zaidi ya bilioni moja wana akaunti humo. Huku hatuweki habari za harusi na vilio. Mtu anaweka kazi alizofanya, masomo yake, lugha anazozisema. Anayetafuta mfanyakazi anaandika jina la kazi anayoitaka, anaandika nchi, na majina yanajitokeza mbele yake. Asipokuona, si lazima iwe kwamba hufai. Mara nyingi ni kwa sababu hukuandika lile neno analolitafuta.

Wengi wetu hapa kambini tulifunguliwa akaunti katika mafunzo ya kompyuta. Kwa hiyo leo sitafundisha kufungua. Nataka tuirudie ile akaunti tuliyoifungua siku ya mafunzo na kuiacha siku hiyo hiyo, kabla hata soda haijaisha.

Yangu ilifunguliwa mwaka 2021. Tulikuwa watu 26 na kompyuta 8. Mwalimu aliandika mfano ubaoni, nasi tukanakili kama watoto wanavyonakili imla. Ukitafuta leo utakuta watu wengi wa darasa lile wana sentensi moja: kijana mchapakazi, mwaminifu, anayetafuta nafasi. Mchapakazi wa kazi gani? Nafasi ya nini? Haisemi. Picha niliyoweka ni ya harusi ya binamu yangu. Mkono wa mtu uko begani mwangu, mwenye mkono amekatwa.

Mwaka uliofuata simu yangu iliibwa, na laini ikaenda nayo. Barua pepe yangu ilikuwa imeunganishwa na laini ile, ikafungwa nayo. Nikanunua laini nyingine, nikafungua barua pepe nyingine, maisha yakaendelea. LinkedIn sikuikumbuka kabisa. Siku moja ya mwezi wa saba nilikuwa natafuta karatasi ya kuwashia moto, nikakuta neno langu la siri limeandikwa nyuma ya daftari la zamani la hisabati. Nikaingia kwa ajili ya kuona tu. Nikakuta ujumbe wa mwezi wa tatu.

Aliyeandika alikuwa akirekodi matangazo ya afya, akatafuta sauti ya Kiswahili cha Kongo. Mtu fulani alimtajia jina langu. Aliuliza: je, unaweza kunitumia sauti yako ya dakika mbili kabla ya Ijumaa?

Ijumaa ile ilikuwa imepita kwa majuma 16. Nilijibu hata hivyo, kwa adabu zote. Hakurudi. Nami simlaumu, alihitaji sauti na alipata sauti. Ila mimi ninayo sauti, ndiyo hii mnayoisikia, na kwa muda wote ule nilikuwa hapa hapa.

Kwa hiyo kabla ya picha, kabla ya maneno mazuri, angalia kwanza mlango. Barua pepe iliyo kwenye akaunti yako unaifungua? Namba ya simu ni yako ya leo? Laini isiyotumiwa kwa muda mrefu hufungwa na kampuni, na namba hiyo inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Maana yake tarakimu za siri za akaunti yako zitamfikia mgeni. Ondoa namba ya zamani. LinkedIn inakuruhusu kuweka barua pepe zaidi ya moja, basi weka mbili. Na neno la siri usiliache nyuma ya daftari kama mimi. Mimi nilibahatika tu.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

Sasa mtu atauliza: kwa nini tunasumbuka na jambo hili leo? Mnajua hali. Tangu 2023 posho imegawanywa kwa makundi, na kuna nyumba ambazo hazimo tena katika kundi lolote. Kisha mwaka 2025 msaada wa Marekani ulikatwa, na mashirika yakapunguza watu au yakafunga ofisi. Sitataja majina, nyinyi wenyewe mnajua ni milango gani mnapita mnaikuta na kufuli.

Ila kuna kitu kingine kilichofungiwa nyuma ya milango ile, nacho hatukizungumzi. Ni ushahidi wa kazi zetu. Umefanya kazi miaka minne ukihamasisha watu juu ya maji safi. Mradi umekwisha. Faili lako lilikuwa katika kabati la ofisi ile, na kabati limepakiwa kwenye lori. Barua ya kazi utaiomba kwa nani? Kwa mlinzi?

Lakini bosi wako hakupotea. Yuko Kampala, au Nairobi, au Juba, wengine wamefika hadi Cox's Bazar kule Bangladesh kwa Warohingya. Namba yake ya Uganda haipatikani tena. Ukimtafuta LinkedIn, mara nyingi utamkuta, kwa sababu na yeye mradi ulipofungwa alibaki anatafuta kazi kama wewe. Ofisi imekufa, shahidi yu hai. Nitawarudisha kwa shahidi huyu baadaye kidogo. Kwanza ni lazima sisi wenyewe tujue ashuhudie nini.

Nawasimulia habari ya mama mmoja, jirani yangu. Amenikubalia nisimulie, bila jina. Mama huyu ametafsiri katika kituo cha afya kwa miaka 8. Mwezi mmoja uliopita aliniletea simu yake akisema: "Mtoto wangu, wewe unajua mambo haya, niangalizie kwa nini hakuna mtu anayeniandikia." Nikafungua. Chini ya jina lake palikuwa na maneno mawili tu: mkimbizi, volontia.

Nikamuuliza, "Mama, kazi yako ni nini?"

"Mimi ni volontia."

"Volontia anafanya nini, Mama?"

"Anasaidia."

"Anasaidia nini?"

Akaweka kikombe cha chai chini. Akasema: "Wewe mtoto! Mwanamke analetwa usiku anatoka damu. Mkunga anasema Runyankole na Kiingereza. Mwanamke anasema Kinyabwisha peke yake. Mimi nasimama katikati. Nisiposimama pale, mkunga hajui mimba ina miezi mingapi, hajui alikunywa dawa gani nyumbani."

Nikamwambia: "Mama, kazi hiyo haiitwi kusaidia. Unaitwa mkalimani wa afya. Duniani kuna watu wanaotafuta mkalimani wa afya kwa jina hilo hilo, na wewe hukuliandika."

Tukachukua daftari. Sikumfungulia mtandao, maana mega ni pesa, na kodi ya asilimia 12 juu yake tunailipa tangu Julai 2021. Kufikiri tunafikiria kwenye karatasi, mtandaoni tunaenda kunakili tu. Nilimuuliza maswali manne: ulifanya nini hasa, na nani, kwa watu wangapi kwa siku, na kwa lugha zipi. Tulikaa mpaka taa ya sola ikaanza kufifia. Siku ya kliniki ya wajawazito, kwa hesabu yake, alitafsiria wanawake kati ya 15 na 30. Alikuwa akienda na wahudumu wa chanjo nyumba kwa nyumba. Aliwafundisha wasichana wawili waliokuja baada yake. Hayo yote alikuwa ameyafungia ndani ya neno volontia.

Mstari ulio chini ya jina unapokea herufi 220, nafasi na nukta zikiwemo. Ni mfupi, lakini ndio mstari unaoonekana kabla mtu hajafungua chochote. Tuliuandika kwa Kiingereza, nawasomea kwa Kiswahili: "Mkalimani wa afya. Kiswahili cha Kongo, Kinyabwisha, Lingala, Kifaransa, Kiingereza. Miaka 8 katika kituo cha afya, Uganda." Basi. Hakuna mchapakazi, hakuna mwaminifu. Uaminifu wake utasemwa na wengine.

Angalieni tuliandika Kiswahili cha Kongo, hatukuandika Kiswahili tu. Katika orodha ya kimataifa ya lugha, Kiswahili cha Kongo kina alama yake, swc, mbali na Kiswahili kingine. Wanaotafuta wakalimani kwa ajili ya watu wetu wanajua kwamba mtu wa Bukavu na mtu wa Zanzibar hawasemi sawa. Yale tunayochekwa nayo tukifika Dar es Salaam, hapo ndipo yana soko. Kama unasema Kibembe, kama unasema Kinyamulenge, Kihema, Kirundi, andika. Usiseme "hiyo ni lugha ya nyumbani tu." LinkedIn ina sehemu ya lugha yenye ngazi tano, kutoka anayeanza mpaka mwenye lugha yake. Kiingereza chako kikiwa cha kuombea maji tu, chagua ngazi ya chini. Watakupigia simu, na simu haidanganyiki.

Kisha tukafika kwenye neno mkimbizi, na hapo Mama na mimi tuligombana kidogo.

Mimi nilitaka kulitoa katika ule mstari. Nilimwambia: Mama, mkimbizi ni hali yako mbele ya sheria, si kazi unayoifanya asubuhi. Anayetafuta mkalimani haandiki mkimbizi. Yeye akakataa. Akasema: "Ukilifuta, mtu atafikiri nalionea haya. Mimi sikuiba. Na wako wanaotafuta wakimbizi makusudi." Nikanyamaza, kwa sababu katika hilo la mwisho alisema kweli. Kuna waajiri na miradi inayotafuta wakimbizi hasa, na hao hulitafuta neno hilo.

Tulipatana hivi. Mstari wa juu ubaki wa kazi. Neno mkimbizi likae katika sehemu ya kujieleza, ile ambayo simu ya Kiingereza inaiandika "About" na simu ya Kifaransa "Infos". Pale kuna nafasi ya herufi 2,600, mtu anapumua. Tuliandika kwamba yeye ni mkimbizi kutoka Kongo anayeishi Uganda, kwamba Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa haki ya kutafuta ajira, na kwamba anaweza kutafsiri akiwa mbali kwa simu. Hilo la sheria liandikeni, jamani. Mwajiri wa mbali hajui. Anaona neno mkimbizi, anafikiri ukiajiriwa atakamatwa yeye. Wewe msikilizaji ukiona vingine, kwamba neno hilo likae juu kabisa au lisikae popote, ni haki yako. Kuna mtu aliyekimbia kitu kinachomfuata mpaka leo, na huyo nina neno naye mbele.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

Kuhusu kujitolea. Mnauliza sana: ile kazi ya posho ndogo ya mwezi, niiandike kama kazi au kama kujitolea? Maoni yangu ni haya. Kama ulikuwa na saa za kuingia na kutoka, ulikuwa na mkubwa wako, na ungechelewa ungeulizwa, hiyo iweke katika sehemu ya kazi. Ndani yake eleza wazi kwamba ulilipwa posho. Lakini usijipandishe cheo. Ukiwa mhamasishaji wa afya wa kijiji, usijiite nesi. Ukiwa umefanya kazi na shirika linaloshirikiana na UNHCR, taja shirika hilo, usiseme uliajiriwa na UNHCR. Yule shahidi niliyemtaja, akifungua na kukuta umejipa kiti chake, hatakuandikia hata nukta.

Na hapa kuna mtego mmoja ambao umewanasa Wakongomani wengi wasio waongo kabisa. Diplôme d'État yetu ni cheti cha kumaliza sekondari. Sasa mtu anaandika kwa Kiingereza neno diploma, basi. Hapa Uganda diploma ni masomo ya chuo baada ya sekondari. Mwajiri anakuita akitegemea mtu wa chuo, unafika na karatasi ya sekondari, anaona umemdanganya. Wewe hukudanganya, neno ndilo lililokudanganyia. Liache jina la Kifaransa kama lilivyo kwenye karatasi, halafu ongeza kwamba ni cheti cha mwisho cha sekondari, taja mwaka na mchepuo, kama ni ualimu au biokemia. Mimi mwenyewe nimeishia hapo, sekondari, na nimeandika hivyo hivyo. Ukitaka cheti kilinganishwe na vya Uganda, kazi hiyo kwa masomo ya sekondari inafanywa na UNEB, baraza la mitihani, na karatasi ya Kifaransa itabidi itafsiriwe kwanza.

Wauguzi ni vivyo hivyo. A2, A1, A0 ni ngazi za Kongo. Ukiandika A2 peke yake, Mganda anafikiri ni ukubwa wa karatasi. Eleza kwa maneno. Na kumbuka kwamba kuhudumu kama nesi hapa kunahitaji kusajiliwa na baraza la wauguzi na wakunga la Uganda, basi usijitangaze kana kwamba umekwisha kusajiliwa.

Miaka uliyokaa bila kazi iache kama ilivyo. Kila mtu akiona mwaka uliokimbia na mwaka ulioanza kazi hapa ataelewa katikati kulikuwa na nini.

Sasa turudi kwa shahidi. LinkedIn ina nafasi ambapo mtu uliyefanya naye kazi anaandika maneno juu yako, na maneno hayo yanakaa kwenye ukurasa wako, yakiwa na jina lake na picha yake. Huwezi kujiandikia mwenyewe. Ni lazima kwanza muwe mmeunganishwa, yaani umemwomba naye amekukubali. Ndipo unaomba ushuhuda. Watu wetu wengi wanaomba vibaya. Wanaandika: "Bosi habari, nikumbuke kwa kazi." Bosi alikuwa na watu 60, na anasoma ujumbe wako akiwa kwenye basi. Mkumbushe yeye kwanza.

Mama na mimi tuliandika hivi, mnaweza kunakili: "Habari za siku nyingi, Daktari. Mimi ni yule mama mkalimani wa Kinyabwisha, zamu ya usiku, katika wodi ya uzazi. Tulifanya kazi pamoja kuanzia 2019 mpaka ulipohamishwa. Naandika upya ukurasa wangu ili nitafute kazi ya ukalimani. Naomba, ukipata nafasi, uniandikie sentensi tatu juu ya kazi uliyoniona nikiifanya. Ukiona huwezi, sitakasirika, nitafurahi kujua kwamba mko salama." Mnaona? Jina la kazi, wakati, mahali, na idadi ya sentensi. Umemrahisishia.

Alituma kwa watu wanne. Wawili hawajajibu hata leo. Mmoja alijibu kwa salamu na picha ya mtoto wake, ushuhuda akasahau. Wa nne, nesi ambaye sasa yuko Juba, aliandika sentensi tano usiku huo huo. Aliandika juu ya usiku mmoja wa mvua, gari la wagonjwa lilikwama, na Mama akazungumza na mgonjwa kwa saa tatu ili asilale. Mimi nilikuwa jirani yake miaka yote hii na habari hiyo sikuijua. Nilimsomea Mama kwa Kiswahili. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena, polepole."

Kazi ya kudumu hajapata, nisiwafiche. Amepigiwa simu mara mbili. Moja ilikuwa kutafsiri karatasi za chanjo kwa siku tatu, akalipwa kwa mobile money. Nyingine iliishia kwenye maswali.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

Haya mengine nayapitia haraka. Picha: simama nje asubuhi, mbele ya ukuta usio na maandishi, jua likiwa mbele yako, mwambie mtoto akupige kifuani kwenda juu. Usiweke miwani ya jua, wala hema la msaada nyuma yako. Mahali: andika Uganda na mji wa karibu kama Mbarara, usiandike kijiji wala namba ya nyumba. Namba ya kitambulisho cha mkimbizi, namba ya kesi, au picha ya karatasi ya familia, visionekane popote humo.

Kabla hujaanza kubadilisha, zima ile sehemu ya mipangilio inayowatangazia watu wako mabadiliko ya kazi na masomo, la sivyo wanaweza kuletewa habari zako kabla hujamaliza. Kuna pia kitufe cha kutangaza kwamba unatafuta kazi. Unaweza kuchagua waonekanie waajiri peke yao, au watu wote, na hapo picha yako inazungushiwa duara la kijani. Kama bado uko kazini, jihadhari: LinkedIn hujaribu kuwaficha wa ofisi yako lakini haiahidi. Ukipata kompyuta, ingia kwenye ukurasa wako na uuhifadhi kama PDF. Tayari una karatasi ya kupeleka hata mahali wasipojua LinkedIn ni nini.

Kwa yule niliyesema nina neno naye, uliyekimbia mtu au kundi linalokutafuta. Picha si lazima. Unaweza kuzima ukurasa wako usionekane kwa wanaotafuta kwa Google, na unaweza kuficha orodha ya watu uliounganishwa nao, maana mara nyingi mtu hupatikana kupitia binamu yake. Kabla ya kuandika mji uliotoka, zungumza na ofisa wa ulinzi. Kazi inaweza kungoja juma moja.

Na matapeli. Ukurasa ukiwa mzuri, na wao wanauona. Mwajiri wa kweli hakuombi pesa ya usajili, ya fomu, wala ya vipimo vya afya. UNHCR haitozi pesa katika hatua yoyote ya kuajiri. Tangu mwaka 2022 vijana kutoka Uganda na Kenya wamekutwa Myanmar, katika makambi ya utapeli wa mtandaoni. Waliahidiwa kazi nzuri ya kompyuta au ya kupokea simu huko Thailand, wakafika wakanyang'anywa pasipoti. Mtu akikuandikia kwamba viza yako itatoka kwa juma moja, jiulize: wewe unangoja hati ya kusafiria ya mkimbizi kwa muda gani sasa? Yeye ataipata wapi?

Fundi cherehani, wewe uliyeniuliza juma lililopita: kwa kazi yako usipoteze mega humu. Wateja wako wako sokoni na kwenye WhatsApp. Piga picha nguo unazoshona, ziweke pale. LinkedIn itakufaa siku ukitaka kufundisha wengine kushona katika chuo au mradi, na siku hiyo njoo.

Jumanne saa nane mchana nitakuwa chini ya mwembe ulio nyuma ya studio, pamoja na Mama, yeye amesema atakuja. Hatutakuwa na mtandao, kwa hiyo msilete mega, leteni daftari. Andikeni kabla hamjaja majibu ya yale maswali manne: ulifanya nini, na nani, kwa watu wangapi, kwa lugha zipi. Na jina la mtu mmoja aliyekuona ukifanya. Kama hujui alipo, tutamtafuta.

Wa Rubondo, tuandikieni kama leo tulikwaruza.

(Muziki wa kufungia, upande polepole.)